Kisigino cha Jirani

Nambilanje, 6 Novemba 2005

Shemeji Seifu,

Assalaam alaikum, na salamu za Idi ziwafikie hapo Nachingwea wewe, Zuhra na watoto. Huku tuliswali, tukala, tukavaa vizuri. Mvua bado haijatia nia, na korosho zinaanguka. Mti ule wa nyuma ya nyumba, ambao marehemu kaka yako alikuwa akisema ni mvivu kuliko wewe, mwaka huu umezaa mpaka matawi yameinama. Abdalah angeuona, angesema umeogopa shoka.

Binti yangu Mwamina amejifungua mtoto wa kike huko Matambarale kwa mumewe. Mtoto ana sauti kubwa. Baba mkwe wake anasema sauti hiyo haikutoka upande wao, nami nimeikubali bila kesi.

Tangu tusome hitima ya mwaka, moyo wangu umetulia. Bado nikipakua natoa sahani mbili, halafu narudisha moja. Silii tena. Nacheka kidogo, kisha nakula.

Neno lenyewe ni hili. Jirani yangu Bibie, yule mjane mwenye bata, ana kidonda kisiginoni, mguu wa kushoto. Si kikubwa, kama sarafu ya shilingi mia. Kina wiki tano, hakifungi wala hakiumi. Anaona aibu kwenda zahanati kwa jambo dogo. Nimemwambia nina shemeji wa maabara anayeangalia damu za watu kutwa nzima. Kama kuna dawa ya unga ya kunyunyizia, mpe mwalimu Enock wa shule yetu. Mke wake yuko huko kwenu, na kila mwisho wa mwezi anakuja kumwona. Barua pia apewe yeye.

Usimwandikie Bibie mwenyewe, hajui kusoma. Nitamsomea mimi.

Shemeji yako,
Mwanamvua


Nachingwea, 27 Novemba 2005

Shemeji Mwanamvua,

Wa alaikum salaam. Barua yako imefika inanukia moshi wa korosho, Zuhra akainusa kabla hata sijaifungua. Anakupa hongera ya mjukuu. Anasema sauti hiyo ni yako, alikusikia siku ulipowafukuza nyani shambani. Hamidi wetu anamaliza kidato cha kwanza, na siku hizi anaongea sauti mbili, ya asubuhi na ya jioni. Mimi nipo na vioo vyangu vya damu. Na mti ule haukuwa mvivu. Kaka alikuwa anaunyoa kila mwaka, ungezaa saa ngapi?

Mpe pole sana Bibie. Dawa ya unga sitatuma. Kidonda cha wiki tano kisichouma hakitibiwi kwa barua. Niulizie mambo matatu. Kwanza, ana kisukari? Pili, akifumba macho na mtu akamgusa kisigino, anajua kwamba ameguswa? Tatu, kilianzaje?

Na wewe, vidonge vyako vya sukari unameza? Kliniki ya Ruangwa ulikwenda mwezi uliopita? Nauliza tu, maadamu tunaongelea visigino vya majirani.

Mwalimu Enock nimemwomba ampe Bibie pole yangu kwa mdomo, asije akaona nimemdharau.

Seifu


Nambilanje, 18 Desemba 2005

Shemeji Seifu,

Salamu nyingi. Mjukuu ameitwa Zuhra, mwambie mkeo kwamba sasa anadaiwa kanga. Korosho zimekwisha okotwa. Bata wa Bibie wametotoa kumi na mmoja, mwewe kachukua wawili.

Mwalimu Enock ni mtu mwaminifu kupita kiasi. Alimkuta Bibie bombani, tuko kina mama kama tisa na ndoo zetu, akasimama wima kama yuko mbele ya darasa.

"Mama Bibie, pole na kidonda. Shemeji wa Mama Mwamina amenituma."

"Kidonda gani, mwalimu?"

"Cha kisigino. Kile kisichofunga."

Bibie akatua ndoo. Akavua kandambili, akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akauzungusha watu wauone vizuri. "Nani ameona kidonda hapa? Semeni. Au nimekuwa ng'ombe wa mnada, nakaguliwa kwato?"

Mimi nilikuwa naangalia maji yakijaa. Alinifuata mpaka nyumbani, mguu mmoja una matope.

"Mwanamvua, umenigawia ugonjwa bila kuniuliza. Si ungenigawia hata kuku?"

Kisha akanikalisha, akauinua mguu wangu mwenyewe, akaangalia, akaurudisha chini taratibu kama yai.

Basi kisigino ni changu. Jibu la kwanza unalijua. La pili, Bibie alinifunga macho kwa kanga. Nikasubiri, nikasubiri, nikamwambia, "Anza basi." Akasema ameshanigusa mara nne. La tatu, nilikanyaga kitu.

Vidonge nameza. Kliniki sikwenda miezi miwili, kwa sababu ya korosho. Naomba usilikuze jambo hili. Hakiumi kabisa.

Mwanamvua


Nachingwea, 2 Januari 2006

Shemeji,

Mwaka mpya uwe na heri. Zuhra mkubwa amefurahi mpaka amewapa habari wateja wake wote wa maandazi. Kanga iko njiani, ameichagua mwenyewe.

Unaandika kwamba hakiumi kama mtu anayeleta habari njema. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Sukari ikikaa juu kwenye damu miaka mingi, mishipa ya fahamu ya miguuni hufa taratibu. Mguu bado ni wako, lakini umeacha kukuletea habari.

Kuna jambo la pili, nalo ni la kazi yangu. Mwezi wa kumi nilikuwa Dar es Salaam kwenye semina ya watu wa maabara. Daktari mmoja akatufundisha habari za chembe nyeupe za damu, zile ninazohesabu kila siku bila kuziwaza. Alipokuwa akieleza, mimi nilikuwa nayaona matanga ya kaka.

Ngozi ikipasuka, ni kama msiba umetangazwa. Chembe nyeupe za kwanza huja mbio. Hao ndio wachimba kaburi. Wana majembe, wana jasho, wana kelele, wanavunja udongo na kuua vijidudu. Kazi yao haina adabu lakini lazima ifanyike. Wengi wao hufa hapo hapo, na usaha kwa sehemu kubwa ni wao. Baada yao huja chembe nyingine, kubwa zaidi. Mwanzoni nazo hupigana na kumeza uchafu. Vijidudu vikiisha hubadili tabia, zinakuwa kama nyinyi kina mama mnaobaki kufagia uwanja, kuosha masufuria na kuanika mikeka. Zinaita nyama mpya na vijishipa vipya vya damu. Kisha matanga yanaanuliwa, kila mtu kwake, na pale panabaki kovu.

Sasa mwili wenye sukari nyingi. Wachimba kaburi wanachelewa, kama wanapita barabara ya kwenu wakati wa masika, na wakifika mikono yao ni mizito. Wale wa pili nao hawabadiliki. Wanashikilia majembe. Tangazo la kuanua matanga linatolewa, hawalisikii. Wiki ya tano, ya kumi, bado wanachimba pale palipokwisha chimbwa, na nyama mpya ikichungulia wanaikata.

Unamkumbuka Kaimu, binamu yetu wa Marambo? Alikuja na mkeka wake kwapani. Siku ya kuanua matanga akasema yeye huzuni yake bado. Akakaa siku thelathini na moja. Akavunja mtungi, akagombana na watu waliokuja kutoa pole, na ulipotaka kukandika ukuta akasema kelele zinamwondolea usingizi. Shemeji, kisigino chako kimejaa akina Kaimu.

Daktari alisema, na hili bado wanalichunguza, kwamba hawakai kwenye kidonda tu. Sukari ikiwa juu, chembe hizi zinazurura mwili mzima zimenuna, msiba wenyewe haupo. Zinaingia vyumbani: kwenye vijishipa vya macho, kwenye figo, kwenye moyo. Hazibomoi kwa siku moja. Zinakwaruza, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mtu wa kisukari anaharibikiwa macho na figo, akafikiri ni magonjwa matatu tofauti.

Dawa ni kuishusha sukari ili chembe zirudiwe na akili, kuondoa nyama iliyokufa, na kuupumzisha mguu. Hayo hayafanyiki Nambilanje. Njoo kabla barabara haijakatika. Ukichelewa, vijidudu vitafika mfupani, na hapo hatutaongelea kisigino tena, tutaongelea mguu.

Na niambie ulikanyaga nini. Kama ni mwiba, huenda umo bado.

Seifu


Nachingwea, 9 Februari 2006

Shemeji,

Wiki tano hakuna jibu. Mwalimu Enock amekwama kwenu, kwa hiyo barua hii nimempa dereva wa lori, naye amesema atafika pale atakapofika. Watoto wazima. Zuhra ameshatandika kitanda. Sina neno jingine.

Seifu


Nambilanje, 20 Februari 2006

Shemeji Seifu,

Salamu kwenu nyote. Mahindi yamesimama vizuri, kunde zimepanda juu yake. Mjukuu ameota jino la kwanza, tena la juu, kama kigego, na watu wazima huku wametazamana kwanza ndipo wakacheka. Mimi nimemnunulia ushanga, habari ya jino nimewaachia wao.

Dereva wako alifika pale alipofika, barua ikaja kwa baiskeli imelowa. Sikujibu ile ya kwanza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni barabara. Ya pili ni neno ulilolitaja mwishoni. Nililikunja pamoja na barua nikaliweka chini ya godoro, nikawa nalilalia kila siku. Sitaki kukatwa mguu, shemeji. Abdalah aliniacha na miguu miwili, nami napenda akinikuta huko anikute nayo.

Habari ya matanga nilimsomea Bibie, akacheka mpaka akakaa chini. Sasa kila asubuhi anakiinamia kisigino changu na kusema, "Kaimu, nenda kwenu Marambo." Jana alikiinamia akainuka upesi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Kaimu ameanza kunuka."

Halafu akaenda kuwakabidhi bata wake kwa mtu. Amesema gari la kwanza litakalopita tunapanda wote wawili, na nikikataa atanipakia kama gunia la ufuta. Nimekubali. Nina homa kidogo.

Kuhusu nilichokanyaga, andika mwiba.

Mwanamvua


Nachingwea, 23 Aprili 2006

Shemeji Mwanamvua,

Dereva ametuletea habari kwamba mlifika salama na kwamba Bibie aliimba njia nzima. Nyumba imekuwa kimya tangu muondoke. Wiki tatu za wodini na mbili za hapa kwetu zimetuzoesha vibaya. Hamidi anauliza nani sasa atamcheka sauti yake. Zuhra anasema hajawahi kuona mgonjwa anayefundisha wenzake kusuka ukili kitandani.

Nakuandikia majibu uyaweke vizuri. Ulikuja na sukari kumi na tisa, ukaondoka na nane. Picha ya mguu imeonyesha mfupa ni mzima. Daktari anasema ungechelewa wiki mbili tu asingekuwa na maneno hayo. Unakumbuka usaha wa siku ya kwanza, nilipokuita maabara uangalie kwenye hadubini? Uliona vile vidoa vya zambarau, kimoja juu ya kingine, ukaniuliza, "Mbona wamejaa hivi? Nani anawapikia?" Mpaka leo wenzangu wakiona kioo cha usaha wanauliza nani anawapikia. Basi kioo cha mwisho nilichokichukua kabla hamjaondoka, wamebaki wachache mno. Nyama nyekundu imeanza kuingia kutoka pembeni. Wafagiaji wamefika.

Endelea na sindano ya asubuhi mpaka zahanati wakuambie. Usikanyagie kisigino. Mkojo upimwe kwa ajili ya figo, na macho mwezi wa sita.

Sasa nina neno moja, na nimelibeba tangu wodini. Nesi Makrina alitafuta mwiba siku mbili hakuupata. Ukingo wa kidonda ulikuwa mweusi, umekauka, kama ngozi iliyoungua. Aliniuliza, nikamwambia sijui. Sikuuliza mbele yake, na hapa nyumbani kila nilipotaka kuuliza ulikuwa unaomba chai.

Shemeji, uliungua na nini? Siulizi kwa ajili ya kisigino cha kushoto. Nauliza kwa sababu unacho cha kulia.

Seifu


Nambilanje, 7 Mei 2006

Shemeji Seifu,

Nawasalimu wote, na Zuhra nampa shukrani ambazo haziingii kwenye karatasi. Bata wa Bibie walipungua mmoja, na mtu aliyekabidhiwa anasema hata yeye anashangaa.

Barua yako ilifika Alhamisi, jua likiwa karibu kuzama. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mguu wa kulia juu ya kinu, na unyoya nimeshauchovya. Mwalimu Enock akapiga hodi. Nikauweka unyoya chini nikaisoma nikiwa vilevile, mguu juu. Nilipofika kwenye kisigino cha kulia niliushusha.

Nitakuambia, lakini usome taratibu na usikasirike na aliyelala.

Mimi tangu usichana nina magaga. Visigino vyangu vilikuwa vinapasuka mpaka vinashika nyuzi za shuka. Abdalah alikuwa anatengeneza mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi, anayachuja kwa kitambaa na kuyatia chupani. Kila Alhamisi jioni alinikalisha pale pale, akachukua unyoya wa kuku na kunipaka kwenye nyufa, tone moja moja. Ni makali yale, unayajua. Kila tone alikuwa anauliza, "Inachoma?" Nikisema bado, anaendelea. Nikisema inachoma, anafuta hapo hapo kwa majivu na kunipulizia. Miaka ishirini na sita. Wakati mwingine nilisema inachoma kabla haijachoma, ili anipulizie.

Alipofariki ilibaki chupa moja aliyoichuja mwenyewe. Mwaka wa kwanza sikuigusa. Mwezi wa tisa mwaka jana nikaona nifanye Alhamisi moja kama zile. Nikapaka tone, nikasubiri ichome. Haikuchoma. Nikaongeza. Nilikuwa najiuliza mwenyewe kwa sauti, "Inachoma?" na kujijibu bado. Nilipaka mpaka jua likazama. Nikadhani mafuta yamepoteza nguvu, kama mimi. Asubuhi ngozi ilikuwa nyeusi.

Sikutaka iandikwe kwenye cheti cha hospitali kwamba mafuta ya Abdalah yamenila mguu. Watu wangesema maskini, mume mwenyewe ndiye aliyemuua polepole. Naye hakuwahi kuniumiza, hata kwa neno. Bora mwiba. Mwiba hauna ndugu.

Chupa bado iko nusu. Sijui niifanyeje.

Mwanamvua


Nachingwea, 21 Mei 2006

Shemeji wangu,

Huku wazima, nami nimeisoma taratibu kama ulivyoagiza. Kisha nikampa Zuhra, akaenda kuisomea jikoni, na wali ukaungua.

Nilijua. Tangu siku ya pili wodini nilijua. Mafuta yale si ya kaka, ni ya mama yetu. Alitupaka sisi wote wawili kabla ya kwenda shule, na alituambia ikichoma tuseme. Kaka alikuwa anavumilia, mimi nilikuwa nasema kabla unyoya haujanifikia. Ukingo mweusi wa kisigino chako nilishauona nikiwa na miaka saba, kwenye kifundo cha mguu wangu, siku niliyoichezea chupa. Kovu ninalo. Nilimwambia nesi sijui, kwa sababu nami sikutaka jina la kaka yangu litajwe kati ya pamba na bandeji. Kwa hiyo tulikuwa wawili tunaoficha kitu kimoja, kila mtu anamficha mwenzake.

Kaka hakukosea, maana kipimo chake ulikuwa wewe. Aliuliza, mguu ukajibu, akaacha. Sukari ikaukata ulimi mguu wako, wala hukuwa na namna ya kujua. Hata ningekuwa mimi pale ningengoja ichome.

Lakini mafuta hayo basi, visigino vyote viwili. Magaga yako tumia maji ya uvuguvugu, upime kwa kiwiko usipime kwa mguu, kausha, halafu paka mafuta ya nazi. Na kila siku mtu mwenye macho akuangalie nyayo. Bibie atafaa, kwa kuwa hana aibu.

Kuhusu chupa, mama alikuwa na matumizi mengine. Alipaka nguzo za nyumba, mchwa wakahama. Ipake nguzo za kibaraza alichokijenga. Vaa mfuko wa nailoni mikononi.

Seifu


Nambilanje, 10 Septemba 2006

Shemeji Seifu,

Salamu kwako, kwa Zuhra, kwa Hamidi na sauti yake, ambayo nasikia imechagua upande. Mjukuu anatembea, akianguka anatazama kama kuna mtu amemwona ndipo alie. Ufuta umeuzwa. Mwalimu Enock hatimaye amehamishiwa huko kwa mkewe, na bombani tumemuaga kwa heshima, Bibie akaonyesha nyayo zake kwa mara ya mwisho.

Nguzo nimezipaka zote nne. Zimekuwa nyeusi na zinang'aa, mchwa wanapita mbali. Chupa nimeiosha.

Kidonda kilifunga tarehe kumi na mbili mwezi wa saba. Mganga wa zahanati alikigusa, akaandika, akapiga mstari chini. Kovu ni la waridi, Bibie anasema linafanana na ramani ya Tanzania bila Ziwa Viktoria. Macho yamepimwa Ruangwa, ni mazuri ukiondoa uzee. Kwenye mkojo wameona protini kidogo, kwa hiyo kwenye figo Kaimu mmoja alikuwa amekwisha kuingia akakwaruza. Nimepewa kidonge kimoja zaidi na nimeambiwa chumvi ipungue. Nakuandikia hili waziwazi, uone kwamba nimejifunza.

Jioni Bibie ananiangalia nyayo, nami za kwake. Wengine wawili wenye sukari wamejiunga, mmoja ametoka mtaa wa juu. Tunakaa kwenye mkeka tumenyoosha miguu kama watoto wanaokatwa kucha, tunasemana vidole. Dionisia, yule mama wa kanisani, juzi tulimkuta na kijiti kimeingia katikati ya vidole, na yeye hana habari. Tulimpeleka zahanati siku ile ile.

Kubwa ni hili. Mwezi wa nane wali wa hapa walitoka unyago, na wanne kati yao mimi ndiye kungwi wao. Niliahidi kabla ya kuugua. Kungwi hachezi kwa mdomo, lazima aingie uwanjani mbele ya mama zao. Na mganga amenikataza kukanyaga chini peku maisha yangu yote. Basi nikavaa raba za bluu alizoniletea Zuhra mwezi wa sita, nikazifunga kamba vizuri, juu nikavaa kaniki na shanga zangu zote.

Nilipoingia, ngoma zikasita. Mama mmoja akasema, "Kungwi gani huyu anayevaa raba? Anakwenda kucheza mpira?"

Bibie akajibu kutoka upande wa pili, "Huyu namba tisa. Mpeni njia."

Watu wakacheka, nami nikacheka, halafu nikaanza. Mwanzo niliogopa. Ngoma zetu mguu ndio unaoambiwa, nao unaiambia ardhi, na mimi ardhi siisikii. Nikaamua kuangalia chini. Nikipiga mguu, vumbi linapanda. Nikipiga wa pili, linapanda tena, sawasawa na ngoma, halikosei. Nikacheza hivyo kwa macho mpaka wali wote wanne wakaingia nyuma yangu. Wasichana wale wajinga walidhani kuangalia chini ni sehemu ya mchezo, nao wakainamisha vichwa, na mama zao wakafurahi wakasema kungwi wa mwaka huu amewafundisha kuona haya.

Mwezi wa Ramadhani uko mlangoni. Mganga amenizuia kufunga, nitalisha masikini badala yake. Nyinyi mtakaofunga, jioni mkiinua mikono mbele ya futari, mnitaje na mimi.

Mwanamvua